Usisaini hiyo barua! Mimi nilisaini, mkono sina na hela sina

Usisaini. Mengine baadaye.

Nimesoma uzi wako mpaka chai imepoa. Unashona kiwandani, vidole vinakufa ganzi, tageti imekunyima usingizi, na supavaiza anakushauri "uondoke vizuri": uandike barua ya kuacha kazi, upewe kifuta jasho. Halafu unatuuliza ununue mkanda gani wa mgongo na kama zamu ya usiku ina nafuu! Dada, nyumba inaungua, wewe unaulizia bei ya pazia.

Mimi nilikaa kwenye cherehani ya ovaloku miaka minne, laini ya suruali. Benchi la mbao, halina egemeo, kimo kimoja kwa warefu na wafupi. Mimi ni mfupi, kwa hiyo mabega yalikuwa juu kutwa nzima kama mtu aliyeulizwa nani kaiba sukari. Mbele yetu ubao wa vipande vya kila saa. Ukibaki nyuma unatajwa jina watu wote wasikie. Ganzi ilianzia kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kidole cha mwisho kizima kabisa. Saa nane za usiku naamka nakung'uta mkono, mume wangu akadhani nataka kumzaba kofi. (Siku nyingine alistahili.)

Nikamwambia supavaiza. Kwa mdomo! Akaniinamia kwa sauti ya mama mzazi: "Mwanangu, usijiandikishe zahanati ya kiwanda, ofisini wakiona jina lako mara mbili mkataba hauongezwi. Nenda duka la dawa." Na mimi nikamshukuru. Nilimpelekea hadi maandazi, Mungu anisamehe.

Miezi minane nilimeza diklofenaki mpaka tumbo likagoma, na ovataimu siikosi, nisije nikaonekana mzembe. Kumbe pale kwenye kifundo cha mkono kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba, na kushona vile bila kupumzika kulikuwa kunaubana. Daktari alinieleza kwamba ukibanwa muda mrefu, nyama ya chini ya kidole gumba inanywea. Yangu imenywea. Nikaanza kuangusha mkasi, tageti ikanishinda, na yule yule supavaiza wangu wa maandazi ndiye aliyeniletea barua ya "kuacha kazi kwa hiari", imeshachapwa, inasubiri saini tu. Nilisaini kwa mkono usioweza kushika kalamu. Kifuta jasho kilikuwa mshahara wa mwezi mmoja. Kiliishia kwa mwenye nyumba.

Ndipo nikaanza kuzijua sheria, wakati hazina faida. Hapa Tanzania Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa sheria ya 2008, mwajiri ndiye anayechangia, wewe hukatwi hata senti, na hauhusu ajali tu, hata ugonjwa unaotokana na kazi umo. Nikaulizwa taarifa niliyompa mwajiri iko wapi. Sina. Kitabu cha zahanati? Jina langu halimo hata mara moja, maana nilikuwa mtiifu. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi upeleke cheti cha daktari. Sikuchukua hata siku moja! Nikakimbilia CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, mwezi wa tatu tangu nisaini, naambiwa anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30. Kuna kuomba kuongezewa muda, lakini hata ningeongezewa, karatasi yenye saini yangu inasema hakuna aliyeniachisha.

Kwa hiyo mwandikie mwajiri taarifa. Leo hii, kabla hujalala. Tarehe, mashine unayotumia, saa unazokaa, ganzi ilianza lini na vidole gani. Nakala mbili: moja mpe afisa utumishi, nyingine aigonge muhuri au aisaini uondoke nayo. Akikataa, ipige picha umtumie WhatsApp palepale. Kesho zahanati, na usitoke mpaka umeliona jina lako kitabuni kwa macho yako. Hospitali mwambie daktari unashona kiwandani saa ngapi kwa siku, usipomwambia ataandika "maumivu ya mkono" na ofisi itasema ni ya kufua nguo nyumbani. Mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Na ninyi hapo juu mnaomshauri afunge tangawizi kwenye kitambaa, fungeni wenyewe. Aliyemuuliza "kwani ofisini umeandika?" hayupo hata mmoja wenu.

Ukigongewa muhuri rudi utuambie. Supavaiza akikuita chemba, mwambie barua yake unaipeleka nyumbani ukaisome kwanza, ya kwako ndiyo iko ofisini. Makosa ya herufi mnivumilie, naandika kwa kidole kimoja cha kushoto.