Hewa chafu? Hapana, mwalimu

Mwalimu mmoja wa sayansi wa Himbi, Goma, ameniuliza: "Mzee wetu, wanafunzi wangu wameandika, 'Vimbunga vya bahari vinalisha planktoni (viumbe vidogo mno vinavyoelea majini), nazo zinameza hewa chafu na kuishusha chini.' Je, 'tourbillon' ya Kifaransa ndiyo kimbunga?"

Sivyo. Kimbunga ni dhoruba, huezua mabati. Upepo unaojizungusha barabarani na kunyanyua vumbi tunauita kisulisuli. Basi sema kisulisuli cha maji. Usikidhanie kidogo: vile vya Mlango wa Msumbiji, bahari iliyo kati ya Msumbiji na Madagaska, vina upana wa kilomita 300 hivi, na kwa mwaka hupita kama vinne.

Lakini hiyo "hewa chafu" imenipandisha hasira. Naisikia redioni, naikuta magazetini, na sasa imeingia darasani, tena Goma! Uchafu huonekana, au hunuka. Hewa hii, yaani kaboni dioksidi, haina rangi wala harufu. Wenyeji wanaijua kwa jina la mazuku: inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya mabondeni. Nilionyeshwa shimo moja upande wa Bulengo. Kiberiti kiliwaka vizuri usawa wa kifua; kiliposhushwa hadi magotini, kikazimika. Chini alilala njiwa, manyoya masafi, hana jeraha. Mtoto aliyefundishwa kwamba hii ni hewa chafu atatafuta moshi kwa macho. Asipouona, atashuka kuchukua mpira wake.

Na planktoni je? Zile zilizo kama mimea hujenga mwili kwa hewa hiyohiyo zikipata jua, kama mahindi ya Rutshuru. Nani huita chakula cha mahindi yake uchafu? Ikizidi angani inaongeza joto la dunia, kweli, na hilo liandikwe hivyo hivyo: imezidi.

Neno tunalo: hewa ukaa. Ukaa, yaani kaboni, umetoka kwenye kaa, lile la makaa, ambayo sisi hapa tunaita makala. Mtoto anayetumwa kila jioni kununua makala ataelewa mara moja.

Wape wanafunzi sentensi hii: "Huku kusini mwa ikweta, visulisuli vya maji vinavyozunguka kwa mwendo wa saa huinua maji baridi yenye rutuba, planktoni huongezeka, huvuta hewa ukaa, na zinapokufa, sehemu ya ukaa huo huzama nazo hadi kilindini."