Git au Subversion kwa kikundi kidogo: tazameni mafaili kwanza

Ndugu muulizaji, umesema kikundi chenu kina waandishi wa programu wanne na wachoraji wawili, na kwamba mnataka kuweka kazi yenu yote kwenye seva moja ya ofisini, nawe unauliza mtumie Git au Subversion, programu mbili za kutunza mafaili pamoja na historia ya mabadiliko yake. Wengi watakujibu Git kwa sababu ndiyo iliyoenea. Mimi ningetazama kwanza aina ya mafaili mliyonayo.

Kwa msimbo (maandishi ya programu), sina ubishi. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mtu historia nzima kwenye mashine yake, hivyo kazi inaendelea hata intaneti ikikatika, na watu wawili wakigusa faili moja mabadiliko yao kwa kawaida huunganishwa bila taabu. Mchoro, hata hivyo, hauunganishiki: wawili wakiuhariri kwa wakati mmoja, kazi ya mmoja itapotea. Katika Subversion, faili lililowekewa sifa ya svn:needs-lock huwa la kusomwa tu mpaka mtu alifunge kwa jina lake, na tangu tulipoanza kuitumia kazini kwetu, wachoraji wameacha kulaumiana. Git nayo hufunga mafaili kupitia LFS, kiongezo chake cha mafaili makubwa, ila ni lazima seva iikubali na kila mmoja aisakinishe, jambo ambalo wachoraji wangu hawakuwa na subira nalo.

Tena kuna suala la mtandao. Git ikikatika katikati ya kunakili hazina kubwa (mafaili ya mradi pamoja na historia yake), huanza upya (chaguo la --depth 1, linaloleta toleo la mwisho tu, hupunguza mzigo), ilhali Subversion huendelea palipoishia ukitoa amri ya svn cleanup kisha svn update.

Kwa hiyo ningetenganisha: msimbo kwenye Git, michoro kwenye Subversion. Upande wa seva ya Git, programu ya Gitea ni faili moja tu la kuendesha na hutosheka na kompyuta ya kawaida. GitLab, inayofanya kazi hiyohiyo, ni nzuri, lakini inataka kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti kadhaa, na kwa watu sita sioni sababu. Wachoraji wanaotumia Windows wapeni TortoiseSVN, programu ya kutumia Subversion ambayo hufanya kazi ndani ya folda zilezile walizozizoea. Waandishi wa programu waacheni wachague wenyewe, maana programu yoyote ya Git itaelewana na seva hiyo.

Chelezo (nakala ya akiba) ya Subversion isisahaulike, kwa kuwa historia yake inakaa kwenye seva peke yake: wekeni amri ya svnadmin hotcopy, inayonakili hazina nzima, ijiendeshe kila usiku, kisha nakala ihamishiwe kwenye diski iliyo nje ya jengo hilo.