Matone ya RNA hayafiki kwenye ini

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 46, sinywi pombe. Altrasaundi imeonyesha ini lina mafuta. Vimeng'enya vya ini: ALT 62, AST 44; chembe sahani 210. Muuza virutubisho anataka nipime miR-122, kisha ninywe matone ya RNA "kurekebisha jeni". Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali, kipimo wala matone.

miR-122 ni kipande kifupi cha RNA, molekuli ndugu ya DNA; hutengenezwa karibu yote ndani ya ini, ikadhibiti jeni za mafuta humo humo kwenye seli. Panya walioondolewa jeni yake walijaa mafuta kwenye ini, baadaye wakapata saratani. Seli ikiumia, miR-122 huvuja kwenye damu. Kwa hiyo ikipanda kwenye damu inakwambia seli zinaumia, jambo ambalo ALT yako imeshalisema kwa bei nafuu. Hupanda pia kwa homa ya ini ya B, pombe, na paracetamol iliyozidi dozi. Tena maabara nyingine huilinganisha na miR-16, kipande kingine cha RNA ambacho kimejaa kwenye chembe nyekundu: chembe hizo zikipasuka kwenye sampuli, jibu linashuka kwa uongo.

Sasa tazama biashara yenyewe: anakuonyesha kwamba imezidi, halafu anakuuzia nyongeza!

RNA ukiinywa, vimeng'enya vya kongosho huikatakata kama vinavyokata ile ya maharage. Dawa ya kweli ya aina hii, inclisiran ya kolesteroli, hudungwa chini ya ngozi miligramu 284. RNA yake imebadilishwa kikemia isikatike, na imefungwa sukari ya GalNAc ambayo seli za ini huitambua na kuipokea. Matone yangetosha, nani angehangaika na sindano?

Unachohitaji ni FIB-4, hesabu ya kukadiria kovu kwenye ini: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. Yako ni 1.22. Chini ya 1.3, kovu kubwa halitarajiwi; juu ya 2.67 ungepelekwa kwa bingwa wa ini. Pima homa ya ini ya B na C, na sukari. Kama una uzito wa ziada, punguza asilimia 7 hadi 10, taratibu.

Hizi chupa za "kusafisha ini" zinanichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Nyingine zina dondoo kali ya chai ya kijani, ambayo imeshawaharibu watu ini. Anayezinywa aache leo, aje na chupa yenyewe, lebo isibanduliwe, ALT ipimwe upya.