Taka za mionzi za maabara: maswali yenu matano

Tangu nilipogusia taka za mionzi zinazotoka maabara, maswali yamekuja kutoka Unguja na Pemba. Nimeyachukua matano.

Sisi wa visiwani mionzi inatuhusu nini? (Mzee, Makunduchi)

Shikamoo mzee wangu. Inatuhusu tangu zamani. Mbung'o waliokuwa wakidhoofisha ng'ombe wa Unguja waliondolewa kwa mionzi: madume walilelewa Tanga, wakapigwa mionzi ya gama wakawa tasa, kisha wakaachiliwa kwa ndege juu ya kisiwa kuanzia 1994. Mbung'o wa mwisho alionekana 1996. Nzi yule hakubaki na mionzi mwilini. Maabara ni jambo jengine, kwani huko kemikali yenyewe ina mionzi, nayo hushika kwenye glavu, karatasi na vichupa. Hizo ndizo taka.

Kwa nini tusitie taka zote ndoo moja, tukaandika "mionzi" juu yake? (Mwanafunzi, Tunguu)

Mwanangu, hapa ndipo penye kazi yote. Kila isotopi (aina ya atomi, hapa ile yenye mionzi) ina nusumaisha yake, yaani muda wa mionzi kupungua nusu. Fosforasi 32 ni siku 14 na kidogo. Iodini 125 ni siku 60 hivi. Tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, ni miaka 12.3. Zikipita nusumaisha kumi, kinachobaki hakifiki sehemu moja ya elfu. Kwa hiyo ndoo ya fosforasi peke yake ukiifunga leo, baada ya miezi mitano unaipima, na kipimo kikiwa sawa na cha hewa ya chumba, inatoka kama taka ya kawaida. Tupia humo karatasi moja tu yenye tritiamu, na ndoo ya miezi mitano imekuwa ya miaka 123.

Basi tenga kwa isotopi kwanza, kisha kwa umbo: glavu na karatasi kwenye mfuko wa tabaka mbili, sindano kwenye kopo gumu, maji kwenye dumu la plastiki lisilojaa hadi shingoni, likae ndani ya trei. Andika jina la isotopi, kiasi cha mionzi kwa bekereli (kizio chake), tarehe ya kufunga na jina lako. Mali bila daftari hupotea bila habari. Niliwahi kuitwa maabara moja nikaonyeshwa chupa ya kahawia nyuma ya kabati, ina maji nusu, alama ya mionzi inaonekana lakini maandishi yamefutika. Aliyeiweka alikwishastaafu. Tukalazimika kuichukulia kama ya hatari kubwa kabisa, na huenda ilikuwa imeshapoa miaka mingi nyuma. Bado inaniuma, maana kalamu isiyofutika ingetosha.

Nina damu yenye iodini 125. Niitie jiki kuua vijidudu? (Mfanyakazi wa maabara, Wete)

Usitie hata tone, wala asidi. Iodini hugeuka mvuke, ukiuvuta hukimbilia kwenye tezi ya shingo. Otokleve, chungu cha kuulia vijidudu kwa mvuke wa moto, pia usiiguse. Iweke kwenye friza, nyuma ya bamba la madini ya risasi, umuulize msimamizi wa usalama wa mionzi dawa nyengine ya kuulia vijidudu. Lakini fosforasi 32 usiizungushie risasi kwanza, maana chembe zake zikigonga risasi huzaa eksirei. Tangulia na akriliki, plastiki ngumu angavu, ya sentimita moja.

Kipimo cha Geiger, kile kinacholia kikikuta mionzi, kiko kimya. Nitupe? (Chake Chake)

Kama ulifanyia kazi tritiamu, ukimya huo hauna maana yoyote, kwani mionzi yake ni dhaifu mno hata haiingii ndani ya kipimo. Pangusa kwa karatasi, karatasi ipelekwe kwenye mashine ya kuhesabu mionzi kwa kimiminika kinachotoa mwanga.

Zisizopoa upesi, kwa nini zisizikwe hapa hapa? Halafu juzi nimekuta mfuko wenye alama ya mionzi kwenye pipa la kawaida, nikaambiwa nichukue tu. (Mhudumu wa usafi, Mjini)

Dada yangu, kisiwa chetu ni maweni yenye matundu, na maji tunayokunywa yamo chini yake. Baharini nako dunia ilikwishapiga marufuku 1993. Kaboni 14, yenye nusumaisha ya miaka 5,730, hufungwa, huandikwa, na Tume ya Nguvu za Atomiki huarifiwa ili ipange safari ya kuifikisha ghala lake Arusha. Haipakiwi kwenye mkoba ikapanda boti ya Dar es Salaam.

Ama mfuko ule, ulifanya vyema kusita. Taka iliyokwishapoa hupimwa, kisha alama huondolewa au kufutwa kabisa kabla ya kutoka maabara. Hiyo si kazi yako, ni ya aliyeizalisha. Maadamu alama ipo, usiunyanyue. Funga mlango, mwite msimamizi, na umtake aupime mbele yako.