Makao ya wazee yamekataa kumrudisha mama

SWALI: Mama yangu ana miaka 81 na anaishi katika makao ya wazee yenye wauguzi hapa Marekani. Alilazwa hospitali kwa nimonia, sasa amepona. Meneja wa makao amenipigia simu kuwa hawamrudishi kwa sababu bili haijalipwa; maombi yake ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, bado hayajajibiwa. Anasema nimchukue kwangu, na kwamba nitadaiwa mimi kwa kuwa nilitia sahihi. Wana haki hiyo?

JIBU: Usimchukue kwako, na usilipe chochote kutoka mfukoni mwako kwanza. Kumwondoa mkazi hakufanywi kwa simu.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987, inayoyabana makao yanayopokea fedha za Medicaid au za Medicare (bima ya serikali hasa kwa wazee), inaruhusu kumwondoa mkazi kwa sababu 6 tu. Kutolipa ni mojawapo. Lakini karatasi zote za Medicaid zikiwa zimeshapelekwa na majibu yakawa bado, huko hakuhesabiwi kutolipa. Familia nyingi huangukia hapa: ofisi ya Medicaid inaomba taarifa za benki, barua inapelekwa makaoni, inalala kwenye droo ya mgonjwa, muda unapita, maombi yanakataliwa. Piga simu leo uulize kama kuna karatasi inayosubiriwa.

Halafu mwandikie meneja, si kwa mdomo: mama yuko tayari kurudi, na mnadai chumba chake, au kikiwa kimejaa, kitanda cha kwanza kitakachopatikana katika chumba cha watu wawili. Mweleze hivyo hivyo ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, maana makao yakishasikia kuwa familia "imekubali" kumchukua, kesi yenu inadhoofika.

Wakishikilia kukataa, wadai notisi ya maandishi. Kwa kawaida hutolewa siku 30 kabla, nayo lazima itaje sababu, tarehe, mahali anakopelekwa, namna ya kukata rufaa, na anwani ya ombudsmani wa jimbo anayetetea wakazi. Nakala humfikia ombudsmani huyo pia. Mpigie mapema, hatozi hata senti. Mara nyingi simu yake kwa meneja hufanya kazi kuliko barua tatu za familia. Rufaa ipelekwe kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye notisi. Ikishapokelewa hawaruhusiwi kumwondoa mpaka iamuliwe, isipokuwa kubaki kwake kunahatarisha afya au usalama wa watu.

Kuhusu sahihi yako: makao hayaruhusiwi kumfanya ndugu awe mdhamini ili mgonjwa apokelewe. Yanaweza kukutaka, wewe unayeshika fedha za mama, uzitumie hizo hizo kumlipia. Kwa hiyo soma ulichosaini. Ukikuta pia karatasi ya kukubali usuluhishi badala ya mahakama, una siku 30 tangu kuisaini kuifuta, na hawawezi kumkatalia mama huduma kwa kuwa umeifuta.