Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Hapana, namba 4,294,967,297 uliyoiuliza si tasa, ingawa ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake, yaani 59, haigawanyiki kwa 3. Ni sawa na 2³² + 1, na mwanahisabati Fermat aliamini kuwa ni tasa, hadi mwanahisabati mwingine, Euler, alipoonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641 bila baki.

Uthibitisho wake ni mzuri mno, nami naomba uufuate kwa kalamu. Kwa kuwa 641 = 5 × 2⁷ + 1, namba 5⁴ × 2²⁸ − 1, yaani (5 × 2⁷)⁴ − 1, lazima igawanyike kwa 641, maana x⁴ − 1 = (x + 1)(x − 1)(x² + 1); na kwa kuwa vilevile 641 = 5⁴ + 2⁴, ukizidisha pande zote kwa 2²⁸ utaona kwamba 5⁴ × 2²⁸ + 2³² nayo inagawanyika. Toa ya kwanza kutoka ya pili, na kinachobaki ni 2³² + 1 yenyewe.

Kigawo kinachosalia ni 6,700,417, ambacho ni tasa. Hivyo namba yako ina vigawo vinne tu, ukihesabu 1 na yenyewe.