Jibu: Nije Mombasa kwa kikao cha chama au video yatosha?

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna haja ya kupanda treni kutoka Nairobi ilhali kila mwezi mnaonana kwa video. Mimi nasema njoo.

Chama chetu cha kuweka na kukopa, watu 11, kilikaa miaka 2 bila kikao cha ana kwa ana. Hesabu zilikwenda sawa, sikatai. Ila mwenzetu mmoja alikuwa akizima kamera kila mara, nasi tukamwita mwenye maringo. Siku tulipokutana barazani Mji wa Kale, kahawa chungu ikimiminwa kutoka kwenye dele na sahani ya kashata katikati, ndipo tukaona alivyokonda. Kumbe alikuwa akiuguza mamake mwaka mzima! Kwenye video angetuambia saa ngapi, na kila mtu anakimbiza ajenda?

Michango na taarifa ndogo ziende kwa simu. Mkopo mkubwa au ugomvi, kaeni mkeka mmoja.

Treni ya SGR itakushusha Miritini, si kisiwani, kwa hivyo bakisha nauli ya matatu. Kikao kikiisha, wapeleke wenzako bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, jioni, mle mihogo ya kukaanga huku upepo wa bahari ukiwapiga.